Mkuu wa hospitali lazima awe daktari?

MUUGUZI: Wadau, nianze mimi. Zamani ofisa utawala wa hospitali alikuwa mtu wa mafaili, mishahara na ufunguo wa stoo. Siku hizi ndiye anayepanga wodi ipate wauguzi wangapi kwa zamu na mashine ipi inunuliwe. Hayo ni mambo ya tiba, hata yakiandikwa kwenye bajeti. Kuna usiku, saa nane, tuliishiwa glavu. Katoni zimejaa stoo, ufunguo uko kwa mtu aliyelala kwake. Asubuhi tukaletewa fomu tueleze kwa nini tulivunja kufuli. Nasema mkuu awe mtu aliyewahi kukesha wodini. Nani anapinga?

MHASIBU: Napinga, na mfano wako unanisaidia. Ufunguo kulala nyumbani ni utawala mbovu, dawa yake ni mtawala bora. Uingereza, mwaka 1983, Roy Griffiths, mtu wa maduka ya Sainsbury's, aliombwa aangalie uendeshaji wa huduma ya afya ya umma. Alikuta uamuzi unasubiri kila mtu akubali, na hakuna wa kusema "hili ni langu". Akapendekeza mameneja. Ukimtoa bingwa wa upasuaji chumbani ukampa mikataba ya manunuzi, umepoteza daktari na meneja hujampata.

MUUGUZI: Mbona umeishia 1983? Soma ripoti ya uchunguzi ya wakili Robert Francis ya 2013 kuhusu hospitali ya Stafford, hukohuko Uingereza. Wakubwa walikazania hesabu na malengo, wauguzi wakapunguzwa. Wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu, maji yamewekwa mahali wasipoweza kuyafikia.

MPITANJIA: Na madaktari walikuwepo Stafford, wengi wao kimya. Kwa hiyo tuache vyeti. Mimi nauliza la uwajibikaji: daktari akiharibu, leseni yake iko hatarini. Meneja akiharibu, anaagwa kwa keki, miezi mitatu baadaye yuko hospitali nyingine. Na yeye awe na leseni ya kufutwa.

MHASIBU: Hapo utapata mameneja waoga, wanaosaini kila kinacholetwa ili wasilaumiwe. Bingwa akitaka mashine ya tatu wakati mbili zilizopo hazijai wagonjwa, nani atamwambia hapana?

MUUGUZI: La ufunguo nakubali, ulikuwa utawala mbovu. Ila hiyo "hapana" wengi huanza kuisema kwa wauguzi, si kwa bingwa.