Naomba ushauri: sanduku la kumbukumbu za mtaa wetu, Majengo Pumwani. Tulihifadhi vipi?

Binti wa Majengo

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi. Nyumba yetu aliijenga babu mzaa baba kwa fito na udongo, akaiezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa. Ukumbi uko katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma. Baba alifariki mwaka jana. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa katibu wa chama cha maziko cha mtaa, na arobaini ilipopita tulifungua sanduku lake la bati lililokaa chini ya kitanda miaka yote.

Ndani mlikuwa na madaftari 11 ya chama, picha kama 200, kaseti 14 za maulidi na harusi za hapa mtaani, risiti za kodi ya ploti, na kipande cha babu, yaani kitambulisho cha enzi za mkoloni, kikiwa bado ndani ya kikopo chake cha bati, kile walichokuwa wakilazimishwa kuvaa shingoni. Nimekesha na yale madaftari. Kila marehemu ana ukurasa wake: nani alileta sanda, nani alitoa mbao za mwanandani, nani aliingia kaburini kumpokea maiti. Pembeni mwa jina moja baba ameandika: "Ametoa senti 50, bado senti 50, asidaiwe, mwanawe mgonjwa." Sijasoma kitabu chochote kinachoeleza Majengo namna hiyo.

Masika yaliyopita paa lilivuja. Madaftari matatu ya chini yalilowa, kurasa zimegandana na zina ukungu.

Kuna picha moja ya wanawake tisa waliovaa leso za sare, nyuma yake pameandikwa 1958 tu. Nilimpelekea nyanya mmoja jirani, umri wake ulikuwa unakaribia 90. Akaweka kidole kwenye uso wa kwanza, akataja jina, jina la mama yake, na nyumba aliyokaa. Akaenda hivyo mpaka wa sita. Kwa wa saba kidole kikasimama. Akaniambia, "Huyu nitamkumbuka, njoo kesho." Sikwenda kesho yake, nilikuwa na shughuli. Wiki tatu baadaye tukamzika. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ghorofa zinapanda kila upande wa mtaa na wazee wanaondoka. Naomba mnisaidie. Hivi vitu tuvipeleke kwenye Nyaraka za Taifa au vibaki mtaani? Na wazee nitawaendeaje? Wengi hawataki kutoa picha zao, kwa sababu miaka ya nyuma alikuja mwanafunzi wa chuo fulani akaazima albamu za nyumba nne na hakuzirudisha. Vijana nao wananiambia nipige picha kila kitu niweke Facebook, na moyo wangu unasita. Fedha hatuna.

Karani Mstaafu

Pole kwa msiba, dada. Mungu amrehemu mzee, alifanya kazi ambayo makarani wengi wa kulipwa hatukuifanya.

Nilitunza majalada ya ofisi kwa miaka 27, basi nisikilize. Kwanza yale madaftari matatu. Usizibandue kurasa kwa nguvu, usiyaanike juani, na asije mtu akakushauri upige pasi. Yasimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo. Katikati ya kurasa zinazokubali, tia karatasi nyeupe kavu isiyo na maandishi, ubadilishe kila inapopata unyevu. Gazeti usitumie, wino wake utahamia. Ukungu ukishakauka upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, na uzibe pua na mdomo, kwani vumbi lake linaharibu kifua. Kurasa zilizokataa kuachana ziache hivyo hivyo. Siku moja atakuja mwenye ujuzi kukushinda wewe na mimi.

Pili, usivuruge mpangilio wa baba yako. Kama picha ilikuwa katikati ya daftari la tano, andika hivyo kabla hujaitoa. Huenda ni ya yule aliyezikwa kwenye ukurasa huo. Kila kitu kipe namba, na namba iandikwe kwa penseli laini nyuma ya picha, pembeni. Kalamu ya wino inapenya. Selotepu ni sumu, na kulaminisha kunaua karatasi kabisa.

Kaseti: kila moja ina vidude viwili vidogo vya plastiki kwenye ukingo wake. Vivunje leo, ili hata mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi sauti za wazee zisifutike. Na sanduku liondoke sakafuni.

Jirani wa Kaloleni

Kuhusu wazee: usiazime kitu chochote. Nenda na simu na kitambaa cheusi, piga picha palepale mezani kwake huku akikuangalia, umrudishie mkononi kabla hujainuka. Wiki inayofuata mpelekee nakala iliyosafishwa, kwenye fremu ukiweza. Sisi Kaloleni mama mmoja alitufukuza mara mbili. Alipoona jirani yake amerudishiwa picha ya marehemu mumewe ikiwa kubwa na safi, alituita mwenyewe.

Msomaji wa Moi Avenue

Mimi nitasema tofauti kidogo. Peleka vitu halisi kwenye Nyaraka za Taifa, pale kwenye jengo lililokuwa Bank of India, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Taasisi ile ipo kisheria tangu 1965 na ina watu waliosomea kazi hii. Ninakwenda mara kwa mara kwenye chumba cha wasomaji, na majalada ya serikali yaliyopita miaka 30 mwananchi anaruhusiwa kuyasoma. Nimesoma mengi ya Pumwani. Yanaeleza jinsi vijiji vya mwanzo, Maskini, Kaburini, Mombasa, vilivyovunjwa na watu wakahamishiwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Yanaeleza vyoo, kodi, pombe na misako. Mtaa wenu umeandikwa na watu waliouona kuwa tatizo. Hakuna jalada hata moja nililosoma linalosema "asidaiwe, mwanawe mgonjwa". Ndiyo sababu nataka daftari hilo liwe kwenye rafu ileile, ili atakayeomba jalada la ofisa wa mkoloni aletewe na la baba yako.

Na niseme ukweli, dada: paa limeshavuja mara moja.

Mjukuu wa Kibra

Ndugu Msomaji, nakubaliana nawe kuhusu rafu, sikubaliani kuhusu vitu halisi.

Sisi Wanubi wa Kibra tulipewa ardhi ile na jeshi la mkoloni, King's African Rifles (KAR), zikapimwa ekari 4,197. Miaka ikaenda tukaambiwa sisi ni maskwota. Kilichobaki mikononi mwa familia kilikuwa karatasi: pasi za shamba, yaani vibali vya kukaa pale, walizopewa mababu baada ya kutoka jeshini, nishani, picha za nyumba na za makaburi. Bibi yangu aliweka pasi ya mumewe ndani ya msahafu, na kila alipohama chumba ilikuwa ya kwanza kubebwa. Hatimiliki ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Ni sehemu ndogo, nami najua uchungu wake, lakini hata hizo zisingepatikana kama kila mzee angemkabidhi mgeni karatasi yake akaambiwa asubiri.

Zile risiti za kodi ya ploti, Binti, ni kumbukumbu na ni ushahidi pia. Nakala mpe yeyote. Asili usiipe mtu bila maandishi yaliyosainiwa yanayosema nani mwenyewe na itarudi vipi.

Mpigapicha wa Mtaani

Nimefanya kazi studio tangu enzi za filamu. Kama kuna albamu za zile kurasa zenye gundi na plastiki juu, hizo zinakula picha polepole. Piga kwanza picha ya ukurasa mzima ulivyo, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na karatasi taratibu. Ikikataa, iache.

Kuskani: nukta 600 kwa inchi, uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, halafu utoe nakala nyepesi ya JPEG ya kutumiana. Skani na nyuma pia. Mhuri wa studio ulioko nyuma unaweza kukupa mwaka kuliko mdomo wa mtu. Na tafadhali, msitumiane hizi picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana. Zitumeni kama faili. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja iwe nyumba nyingine kabisa au kwenye akaunti ya mtandaoni. Flashi pekee usiiamini.

Ukimrekodi mzee, weka simu kwenye hali ya ndege, iweke juu ya leso iliyokunjwa ili meza isigonge, na zima redio ya jirani kwa heshima. Mwanzoni taja tarehe, mahali na majina yenu, na umwombe aseme kwa sauti yake kama anakubali.

Shangazi wa Shauri Moyo

Mwanangu, nimesoma ulivyoandika juu ya yule nyanya nikalia. Usijitese, alikuachia sita.

Nataka nikwambie jinsi ya kutuuliza sisi wazee. Ukiniuliza "ilikuwa mwaka gani" nitakwambia sijui. Niulize: ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Kabla ya ile asubuhi ya Aprili 1954, askari walipozingira jiji na kuwachukua wanaume kwenye malori? Je, ni wakati wa unga wa manjano, 1984? Ulikuwa na mimba ya nani? Hapo nitakupa mwaka bila kukosea. Mama yangu hakujua kusoma, lakini alijua kwamba kijiji cha Pangani kilivunjwa akiwa ananyonyesha kaka yangu mkubwa, wakaletwa huku Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Alikuwa akitaja nyumba za Pangani kwa mpangilio, mlango kwa mlango, kama anayetembea. Hakuna aliyemwandika. Mimi nimebaki na milango mitano tu.

Kwa hiyo chukua karatasi kubwa, uchore mtaa, umwambie mzee atembee. Hapa alikaa nani? Baada yake? Kisima kilikuwa wapi, ngoma ilichezwa wapi? Na muulizie hasa wanawake wenye nyumba. Majengo ile, nyumba nyingi zilikuwa za wanawake, waliozijenga kwa jasho lao, wakawalea watoto wasio wao, na wengine hawakuacha kizazi cha kuwataja.

Jambo lingine. Kuna maisha waliyoishi ambayo wajukuu wao hawakuambiwa. Ukikutana nayo kwenye kaseti au daftari, usiyachome, wala usiyaweke Facebook. Yaandikie "bado" uyaweke kando.

Karani Mstaafu

Shangazi amesema kweli. Kwenye ofisi tulikuwa na majalada ya wazi na ya kufungwa kwa muda. Nanyi fanyeni hivyo: lililo la wote, la familia, na la kusubiri. Kwa walio hai ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Madeni ya mtu kwenye daftari la maziko si ya kutangazwa bila idhini yake, hata kama ni senti 50.

Binti wa Majengo

Asanteni nyote, sikutarajia haya. Niwape habari.

Tulikaa kama familia Ijumaa usiku. Tumeamua vitu halisi vibaki mtaani kwa sasa, isipokuwa yale madaftari matatu yaliyolowa. Ndugu Msomaji, maneno yako juu ya paa yalinishika. Hayo matatu tutaomba wataalamu wa Nyaraka za Taifa wayaone, kwa maandishi yenye saini kama alivyosema Mjukuu wa Kibra, na nakala kamili ya yote 11 tutawapa wakae nayo kwenye hiyo rafu. Yaliyobaki, kamati ya msikiti wa karibu imetupa nafasi kwenye kabati la chuma, na funguo ziko mbili kwa watu wawili tofauti. Vidude vya kaseti nimevivunja vyote 28.

Facebook tutaweka picha ya mkutano tu.

Jumamosi niliikuza ile picha ya 1958, nikaiweka uani kwetu kwenye mkeka, nikapika chai ya tangawizi na mahamri. Walikuja kina nyanya watatu. Niliwaonyesha uso wa saba. Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema jina. Wa pili akasema hapana, huyo ni dada yake, yule mwenyewe alikuwa na mwanya na alishaolewa Mombasa kabla ya leso hizo kununuliwa. Wakabishana mpaka adhana ya alasiri, na katikati ya ubishi wakanitajia wimbo uliochezwa siku hiyo, bei ya leso, na nyumba ilikofanyika shughuli. Yote nimeyarekodi, simu ikiwa kwenye hali ya ndege.

Nyuma ya picha, pembeni, nimeandika majina yote mawili kwa penseli, na jina la aliyesema kila moja.

Shangazi wa Shauri Moyo

Huyo mwenye mwanya, mama yake alitoka Pangani? Niletee na mimi hiyo picha. Nipo nyumbani kila siku baada ya adhuhuri.

Binti wa Majengo

Nakuja kesho, shangazi.