Jointi ya kusimama kwenye ukuta wa zege: nondo zipite kwenye ubao, kapla, au kutoboa na epoksi?

Ukuta_Mrefu
Wakuu, naombeni ushauri kabla ya Jumatatu. Tuna ukuta wa zege ambao haumwagiki siku moja, kwa hiyo lazima iwepo jointi ya kusimama, yaani mahali zege la leo litakapoungana na la baadaye. Nimepewa njia tatu: kutoboa ubao wa kuzibia mwisho ili nondo za kulala zitokeze, kufunga kapla za nyuzi (vipande vya chuma vya kuunganishia nondo, hukazwa kama nati), au kumwaga bila kuacha kitu, halafu tutoboe zege na kupachika nondo kwa epoksi (gundi kali). Fundi anataka hii ya mwisho kwa sababu mbao zake hazitobolewi. Ipi bora?

BabaMizani
Bora kwa ukuta gani? Hujasema unene, nondo za milimita ngapi, wala kama unazuia udongo, maji, au unagawa vyumba tu. Na nani kachora? Bila hayo tunapiga ramli.

NondoKwanza
Mimi sisubiri. Toboa ubao. Nondo iliyomwagiwa zege tangu mwanzo haina mpinzani. Ubao usiwe mmoja, uwe vipande vya kulala vilivyochongwa nusu tundu juu na nusu tundu chini. Vinaibana nondo, na siku ya kuvua vinatoka kimoja kimoja bila kuvunjika. Acha itokeze mara 50 ya kipenyo chake, yaani sentimita 60 kwa nondo ya milimita 12. Lapu (sehemu ambapo nondo mbili zinalala pamoja ili ziungane) zipishane, zisiangukie zote mahali pamoja.

Mama_Zege
Hiyo 50 umeitoa wapi? Inategemea nguvu ya zege, aina ya nondo na mahali ilipo. Wengine wanatumia 40 na mchoro unawaruhusu.

NondoKwanza
Sijawahi kuona ukuta ulioumizwa na lapu ndefu, dada. Wa lapu fupi nimewaona.

Mama_Zege
Mimi nimeona nondo zimesongamana hadi kokoto hazipiti, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) haiingii, ukuta ukavuliwa una matundu kama sega la nyuki. Lapu ndefu kupita kiasi nayo ina madhara.

Mzee wa Kokoto
Kuhusu epoksi, nieleze yaliyotupata. Nondo za milimita 16 zilizoachwa kwa ajili ya kuunganishia zilikuwa zinazuia njia ya mashine, msimamizi akaamuru zikunjwe zilale. Wiki tano baadaye tukaanza kuzinyoosha kwa bomba. Ya nne ikakatika mkononi kama muwa. Kukagua zilizobaki, nyingi zilikuwa na ufa pale zilipokunjwa. Ikabidi zikatwe zote, tutoboe na kupachika mpya.

Vijana wakatoboa, wakapuliza mara moja, wakajaza epoksi. Kesho yake nikashika nondo moja kwa mkono, nikaivuta. Ikatoka! Epoksi yote imevaa vumbi kama samaki aliyevingirishwa kwenye unga. Ilikuwa imeshika vumbi, haikugusa zege. Tukarudia kila tundu: kupuliza, kusugua kwa brashi ya waya, kupuliza tena, na kurudia hadi vumbi likome, kisha kujaza kuanzia mwisho wa tundu ili hewa isinaswe ndani. Tulipoteza siku tisa. Linaloniuma hadi leo si siku hizo. Nawaza, nisingeivuta ile nondo?

Ukuta_Mrefu
Samahani kwa kuchelewa. Unene milimita 250, nondo za milimita 12, moja kila sentimita 15, pande zote mbili. Unazuia udongo, na upande wa ndani utakuwa tangi la maji. Nilisahau pia kusema: kipande cha kwanza kimeshamwagwa, na nondo za kulala zimetokeza sentimita 20 tu.

BabaMizani
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Sentimita 20 haifiki hata mara 17 ya kipenyo. Hiyo si lapu.

Fundi_Kijana
Si mchomelee tu vipande vya kuongezea?

Mama_Zege
Hapana, mdogo wangu. Nondo nyingi zimepata nguvu kiwandani kwa kupozwa ghafla au kusokotwa. Ukizichoma ovyo, nguvu inapungua palepale pa kuunganishia. Zipo zinazochomeleka, ila lazima ujue ni za aina gani. Hapo ningefikiria kapla za boliti: zinabana nondo isiyo na nyuzi, na sentimita 20 inaweza kutosha.

NondoKwanza
Au bomoeni ukingo wa zege hadi nondo zifike urefu wake. Kazi ngumu, lakini ukingo wenyewe lazima uchongwe hadi kokoto zionekane, ule utando laini wa saruji utoke. Zege jipya halishiki kwenye utando.

Mzee wa Kokoto
Kubomoa pembeni ya nondo kunaitikisa ndani ya zege, mdogo wangu. Mimi naogopa. Na tangi hilo, ukanda wa kuzuia maji mliweka?

Ukuta_Mrefu
Hatukuweka.

BabaMizani
Basi umebaki ule unaovimba ukilowa. Ubandike katikati ya unene, usisogee karibu na uso, utapasua zege ukivimba. Na mvua isiupate kabla ya kumwaga.

Ukuta_Mrefu
Mawingu yameshatanda hapa. Injinia anakuja kesho asubuhi, nimemwambia fundi asiguse chochote. Hizo kapla za boliti ni nene kuliko nondo, je, zege la kuzifunika upande wa udongo litatosha?

Mama_Zege
Pima kutoka uso wa zege hadi nondo ya nje, utuletee namba.