Kuongeza kivuli kwenye boti ya familia: mpwa wangu anaungua hata akiwa chini ya paa

Boti ya Jumapili (Kisumu)

Habari zenu wana ziwa. Nina boti ya faiba, futi 21, injini ya nguvu-farasi 25. Si ya biashara. Wikendi tunatoka nayo Dunga, tunazunguka hadi Hippo Point jioni, na siku tukiamka mapema tunafika kisiwa cha Ndere. Katikati kuna paa dogo la turubai nililoikuta nalo boti, linatosha watu wanne. Wanaokaa mbele na nyuma wanachomwa.

Kinachonisumbua hasa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 11, ana ualbino, na anapenda maji kuliko mtu yeyote kwetu. Mwezi jana tulirudi saa kumi na moja jioni akiwa na shingo nyekundu na mkono mmoja umevimba. Alikuwa chini ya paa safari nzima! Dada hakunilaumu, lakini mimi mwenyewe najilaumu.

Fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye anataka kunichomelea mabomba ya chuma, kisha aezeke bati kutoka mbele hadi nyuma. Nifanye hivyo?

Fundi wa Mahema

Bati usiweke, ndugu yangu. Mimi nashona mahema ya matanga na harusi na nimeona upepo unavyoyafanya, tena nchi kavu. Uzito ukikaa juu, boti inalala kila mtu akisimama upande mmoja. Na bati huwezi kulikunja hali ikibadilika.

Chukua kanvasi nzito, mabomba ya alumini badala ya chuma, na viungo vinavyokunjika ili paa zima lilale nyuma. Mwambie fundi ashone kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba unaozeshwa na jua na mvua, halafu unashangaa kitambaa ni kizima lakini mishono imeachia. Uti wa katikati uinuke kidogo, maji yasituame.

Kasia Moja

Mbona mnapitia mbali hivyo? Nunua ile neti ya kivuli ya vitalu vya miche. Nyepesi, upepo unapita, bei nafuu.

Mama wa Milimani

Kwa watu wengine sawa. Kwa mtoto huyu hapana. Neti ya asilimia 50 inapitisha nusu ya jua, na ngozi yake haina kinga ya kuhimili hiyo nusu. Nina mwanangu mwenye ualbino, najua ninachosema.

Baba boti, usijilaumu, ila elewa kilichotokea. Miale inayounguza haitoki upande wa jua peke yake, inatawanyika angani kote na kuingia kwa pembeni, na maji nayo yanarudisha kidogo. Kwa hiyo paa ni msaada tu, halichukui nafasi ya nguo. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, kofia ya ukingo mpana hadi shingoni, miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, apakwe tena kila baada ya saa mbili. Kama dada yako hajamsajili, aulize katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wana mpango wa kutoa mafuta hayo. Na shingo ile aioneshe kwa daktari wa ngozi.

Jambo lingine: upande wa ndani wa paa uwe rangi nzito. Ukiwa mweupe, mng'ao wa maji unagonga juu na kurudi usoni, na macho ya watoto wetu hayavumilii mwanga.

Nahodha wa Zamani

Mama amesema vizuri. Mimi niongeze hesabu ya jua, maana wengi hupanua paa na bado wanaungua.

Hapa tuko karibu na ikweta. Adhuhuri jua liko juu ya kichwa, paa linafanya kazi. Lakini ikifika kama saa tisa na nusu, jua limeshuka nusu ya njia. Paa likiwa futi tatu juu ya kichwa cha mtoto, kivuli chake kimehama futi tatu kuelekea mashariki. Saa kumi na moja kimehama zaidi ya futi sita. Boti yako ina upana gani? Kivuli chote kiko majini! Ndiyo maana aliungua mkono mmoja. Bila shaka ni ule uliokuwa upande wa magharibi.

Unachohitaji ni pazia la pembeni, linalohamishika kulia au kushoto kulingana na mnavyoelekea. Upande MMOJA tu, omera. Ukifunga pande zote mbili na boti ikapinduka, watu wamenaswa ndani kama samaki kwenye wavu. Lifungwe kwa velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua, mtoto aweze kulivuta likabanduka. Laifu jaketi zivaliwe, zisikaliwe.

Pazia hilo pia ni tanga, linashika upepo. Litumie mkiwa mmetia nanga au mkienda polepole. Ukiona wingu linajijenga upande wa milima ya Nandi, toa pazia, kunja paa, rudi. Usingoje upepo ukufikie.

Kasia Moja

Nimekubali kuhusu neti. Kabla hujakata kitambaa, funga shuka kwenye mabomba uliyonayo, ukae ufukweni saa kumi, uone kivuli kinaangukia wapi.

Fundi wa Mahema

Naam, fanya hivyo. Na ukitoboa faiba kuweka miguu ya paa, usitumie skurubu. Pitisha bolti hadi chini, uweke kipande cha ubao mgumu upande wa pili, uzibe kwa silikoni. Kule nyuma acha nafasi ya kuinua injini na kuvuta kamba ya kuwashia. Kuna boti nimeshonea paa zuri, mwenyewe akashindwa kuwasha injini bila kupiga kiwiko kwenye bomba. Tulilifumua.

Boti ya Jumapili (Kisumu)

Asanteni sana. Nimejaribu shuka Jumapili pale Dunga. Saa kumi kamili kivuli cha paa kilikuwa kimevuka ukingo wa boti na kulala juu ya maji. Nilipoteremsha shuka ya pili upande wa magharibi, benchi lote likawa kivulini.

Bati nimeachana nalo. Paa litaongezwa futi nne kuelekea nyuma, mbele nitaacha wazi ili nione nyavu za wavuvi na magugu. Pazia moja, velkro. Safari zetu tumezihamishia asubuhi, tuwe tumerudi kabla ya saa nne, na dada ameshapata miadi ya daktari. Mpwa wangu ndiye aliyechagua kitambaa: nje rangi ya mchanga, ndani kijani cha giza.

Nahodha, pazia liishie wapi kwa chini?

Nahodha wa Zamani

Usawa wa benchi. Chini ya hapo acha upepo upite.