Tovuti ya duka inaleta 502 baada ya kuihamishia VPS. Seva ni ipi hapo, na hifadhidata inaingia wapi?

spea_kariakoo
Wakuu habari za jioni. Nina tovuti ya duka la spea za magari, imeandikwa kwa PHP na MySQL. Kwenye kompyuta yangu ya Windows, ndani ya XAMPP (kifurushi chenye Apache, PHP na hifadhidata pamoja), inakwenda vizuri. Nimeihamishia VPS (seva ya kukodi mtandaoni) yenye Ubuntu 24.04 na Nginx. Picha na CSS zinafunguka nikiziita moja moja, ila kila ukurasa wa .php unaleta "502 Bad Gateway". Mmoja ananiambia seva imekufa, mwingine anasema tatizo ni hifadhidata. Naomba kueleweshwa nani ni nani humo ndani, na nianze kuangalia wapi.

sinza_bakendi
Karibu mkuu. Seva haijafa. Ingekuwa imekufa, usingeiona hata hiyo 502. Kivinjari kingekwambia kimeshindwa kuunganisha. Iliyokuandikia 502 ni Nginx yenyewe, maana yake iko hai na inasikiliza.

Tenganisha kwanza mashine na programu. VPS ni mashine. Ndani yake kuna programu tatu zinazopokezana kazi: Nginx, ambayo ndiyo seva ya wavuti, PHP-FPM, inayoendesha faili zako za .php, na MySQL, inayotunza bidhaa, bei na oda. Mteja aliyeko Mbagala akiandika jina la tovuti, DNS (kitabu cha majina ya mtandao) inampa anwani ya IP ya VPS, kisha kivinjari chake kinagonga poti (mlango wa mawasiliano) 80, au 443 kama umeshaweka HTTPS. Nginx inapokea. Ikiombwa picha au CSS, inaisoma kwenye diski na kuirudisha bila kumuuliza mtu. Ikiombwa .php haiwezi kuiendesha, inaikabidhi PHP-FPM kupitia soketi (faili maalumu ambayo programu mbili huongea kupitia kwake). PHP ndiyo inayokwenda kuuliza MySQL, inapata majibu, inatengeneza HTML na kuirudishia Nginx. Kwa kawaida Nginx na MySQL hazizungumzi kabisa.

Kwenye XAMPP hukuliona hili kwa sababu Apache ya humo imepakia PHP ndani yake kama moduli. Hakuna makabidhiano, kwa hiyo hakuna pa kukatikia.

Sasa namba za makosa zinasomeka. 404, Nginx haikuona faili. 403, imeiona lakini haina ruhusa ya kuisoma, au folda haina faili ya index. 500, PHP ilianza kazi ikaanguka njiani. Hapa ndipo matatizo ya hifadhidata hujitokeza mara nyingi. 502, PHP-FPM haikufikiwa au ilikata mazungumzo. 504, PHP imechelewa kuliko muda ambao Nginx inavumilia, sekunde 60 usipobadilisha. Kwa hiyo anayekutuma kwenye hifadhidata anakupotezea muda. Ombi lako bado halijafika huko.

Andika hii, kisha ulete mstari wa mwisho hapa:

`sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log`

spea_kariakoo
Asante sana mkuu, nimeelewa. Mstari ni huu:

`connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed (2: No such file or directory) while connecting to upstream`

sinza_bakendi
Jibu limo humo humo. Nginx inatafuta soketi ya PHP 8.1, ambayo ni ya Ubuntu 22.04. Ubuntu 24.04 inakuja na PHP 8.3. Bila shaka mpangilio umenakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa zamani.

Angalia kilichopo kwa `ls /run/php/`. Ukiona php8.3-fpm.sock, fungua faili ya tovuti yako ndani ya /etc/nginx/sites-available/, rekebisha mstari wa `fastcgi_pass` usomeke `unix:/run/php/php8.3-fpm.sock;` halafu `sudo nginx -t`. Ikikubali, `sudo systemctl reload nginx`. Usiruke hiyo `-t`: nukta mkato moja ikikosekana, ukaiwasha upya Nginx, tovuti zote za mashine hiyo zinalala. Kama folda ni tupu, PHP-FPM haijawekwa au haijawashwa: `sudo apt install php8.3-fpm php8.3-mysql`. Hiyo php8.3-mysql ni ya lazima. Ikikosekana, PDO (njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata) italalamika "could not find driver".

Kama msimbo wako bado unatumia root (mtumiaji mkuu wa MySQL) bila nywila kama XAMPP ilivyokuzoesha, kosa linalofuata ni "Access denied for user 'root'@'localhost'". Kwenye Ubuntu, root wa MySQL anaingia kwa kutambuliwa na mfumo, PHP haiwezi kujifanya yeye. Na hata ingeweza, usimpe tovuti funguo za nyumba nzima. Ingia kwa `sudo mysql`, kisha:

```
CREATE DATABASE duka CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'duka_web'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila_ndefu';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON duka.* TO 'duka_web'@'localhost';
```

Data iingize ukiwa root, tovuti itumie duka_web. Kwa ruhusa hizo nne, hata mtu akipenya kwenye fomu yako hawezi kufuta jedwali lenyewe kwa DROP. Ila rekodi zilizomo anaweza kuzifuta, kwa hiyo maswali yote ya SQL yaandikwe kwa `prepare` na `execute`, usiunganishe maneno ya mteja moja kwa moja.

ubungo_linux
Naongezea la Windows, maana litamkuta. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili ikiitwa Bampa.JPG na ukurasa ukaita bampa.jpg, Windows inakubali, Linux inatoa 404. Majina ya majedwali ya MySQL nayo ni hivyo hivyo: `Bidhaa` na `bidhaa` ni majedwali mawili. Badilisha yote yawe herufi ndogo kabla hujahamisha.

Na ndugu yangu, usifungue poti 3306, ya MySQL, kwa dunia ili tu uione hifadhidata ukiwa nyumbani. Roboti za kujaribu nywila hazikomi. Acha `bind-address` ya MySQL ibaki 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe tu, pitia kwenye SSH (njia salama ya kuingia VPS ukiwa mbali):

`ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 jina_lako@anwani_ya_vps`

Kisha programu yako ya kompyuta iunganishe na 127.0.0.1, poti 3307. Ukiweka ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu), ruhusu 22 ya SSH, 80 na 443, na hiyo 22 iruhusu kabla ya `sudo ufw enable`, la sivyo utajifungia nje.

spea_kariakoo
Soketi ilikuwa 8.3 kweli. Kurasa zimefunguka, na "Access denied" ikaja kama ulivyosema. Nimetengeneza mtumiaji mpya, bidhaa zinaonekana. Picha kama kumi hivi zinaleta 404, naanza na hizo herufi. Mbarikiwe wakuu.