Rispa hasemi neno: nimwandikeje?

Mwanakalamu:
Ndugu zangu, naandika riwaya juu ya Rispa, suria wa Sauli (2 Samweli 21). Ni miezi minane sasa, sura moja imenishinda. Wanawe wawili na wajukuu watano wa Sauli wametundikwa mlimani na Wagibeoni, mwanzo wa mavuno ya shayiri. Yeye anatandika gunia mwambani, mchana anafukuza ndege, usiku wanyama wa mwituni, mpaka mvua inanyesha. Habari nzima hatamki neno.

Nimemwandikia maombolezo mara nne, nikayafuta mara nne. Kila akifungua kinywa anakuwa mimi. Nilimzika mwanangu miaka sita iliyopita, na maneno ninayompa ni yale yaliyonikwama kooni siku ile kaburini.

Lingine linaninyima usingizi: njaa ya miaka mitatu iliyoipiga nchi enzi za Mfalme Daudi, ambayo kwa ajili yake waliuawa, je, Mungu ndiye aliyetaka wale saba wafe? Sitaki kumtetea kwa uongo, wala kumsingizia.

Bibi Msomaji:
Pole sana, mwanangu. Soma tena polepole, uangalie nani kasema nini. Daudi alipouliza sababu ya njaa, Bwana alitaja kosa la Sauli la kuwaua Wagibeoni. Kutaka watu saba kulitoka vinywani mwa Wagibeoni wenyewe, Daudi akakubali. Tena aya ya 14 inasema Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi mifupa ilipokwisha kuzikwa. Angesikia walipotundikwa tu, ingeandikwa pale juu. Mimi ningekaa sana hapo.

Mfasiri:
Naongezea la Bibi. Kumbukumbu la Torati 21:23 inakataza maiti ya aliyetundikwa kulala mtini. Izikwe siku ile ile. Na shayiri kule huvunwa karibu Aprili, mvua za kwanza huja karibu Oktoba. Hesabu mwenyewe miezi aliyokaa pale. Halafu wale watano hawakuwa wanawe, lakini aliwalinda wote saba. Maneno mwachie Daudi na wenzake, wanayo mengi. Wewe fuata mikono yake.

Mwanakalamu:
Bibi, ndugu Mfasiri, asanteni mno. Miezi yote hii nilikuwa nawaona wawili tu, wale watano walikuwa idadi. Jana usiku nimeanza upya: alfajiri, gunia limelowa umande, fimbo iko magotini, tumbusi ametua kwa kijana asiye wake. Anainuka. Nimeishia hapo, na asubuhi sikufuta.