Tupeane uzoefu: wabeba boksi mliokutana na mfuasi wa Trump asiyeambilika

Ngosha Mtoro
Wakuu, habari za majukumu. Leo ghalani mwenzangu tunayeendesha naye forklifti kanikumbusha mbali. Saa zetu zimekatwa kwa sababu kontena za China zimepungua, na msimamizi katuambia wazi kwamba ni ushuru. Jamaa ananigeukia: "Vumilia, China wanalipa, hela zinaingia." Nikampeleka mezani kwa msimamizi nikamwonyesha ankara ya forodha. Mwagizaji na mlipaji ni kampuni yetu wenyewe, anwani ya hapahapa Minnesota. Akaisoma yote, akasema karatasi inaweza kuandikwa chochote.

Huyuhuyu mwaka 2016 aliniapia kwamba ukuta wa Trump kule mpakani utalipiwa na Mexico.

Tupeane uzoefu, hasa nyie mnaolea wazee na mnaoendesha malori, maana mnakaa nao muda mrefu. Matusi tuwaachie watoto.

Dereva Kigwendu
Mimi ndio usiseme. Nabeba nafaka Iowa. Kuna mkulima mmoja wa soya, mtu safi kabisa, hunitolea kahawa kwenye gari. Mwaka 2025 China walikaa miezi bila kununua soya ya Marekani, maghala ya mzee yamejaa hadi juu. Nikamwuliza, vipi kura yako? Akasema dawa lazima iwe chungu. Nikajua huyu kaingizwa mjini.

Halafu akaongeza: "Ule ugomvi wa 2018 serikali ilitufidia mabilioni, na safari hii atatufidia." Sasa hapo mjinga ni nani, yeye au mimi ninayelipa kodi ya hiyo fidia?

Bi Mkora
😂😂 Kigwendu umemaliza uzi.

Kamau wa Dallas
Niko hapa Texas na nilimpigia kura, msinitafute. Nyinyi mnadhani kila aliyemchagua amerogwa. Alisema ataweka majaji wa kupinga utoaji mimba, akaweka watatu: Gorsuch, Kavanaugh na Barrett. Juni 2022 Roe, ile hukumu iliyoruhusu utoaji mimba nchi nzima, ikaanguka. Huyo ni mwanasiasa aliyeahidi kitu na kikafanyika. Wangapi wa kwetu mnaweza kuwataja?

Na bei za vitu wakati wa Biden mlizisahau? Mtu akiona mayai yamepanda anapiga kura na tumbo lake. Huo sio ujinga.

Ngosha Mtoro
Kamau, la majaji nakupa. La mayai, si alisema bei zitaanza kushuka siku ya kwanza? Siku ya kwanza ilikuwa 20 Januari 2025.

Kamau wa Dallas
Kila mwanasiasa anatia chumvi.

Mswahili wa Tudor
Mie siko huko, niko zangu Mombasa, lakini huo ujinga ulitufikia hadi mlangoni. Mwaka 2009 ilizuka karatasi eti cheti cha kuzaliwa cha Obama, cha hospitali ya mkoa hapa Mombasa. Binamu yangu yuko Atlanta, bosi wake akamwuliza kama wazee wetu wanamkumbuka mama mzungu aliyejifungua hapa! Binamu akanipigia saa nane usiku, nami nikamwambia asome tarehe. Karatasi imeandikwa Februari 1964, juu imeandikwa Jamhuri ya Kenya. Jamhuri tuliipata 12 Disemba 1964. Mtoto wa darasa la tano hapa angewaambia.

Bosi akajibu kwamba labda Wakenya tulikosea tarehe zetu wenyewe.

Ndipo 2011 Trump akaushika huo wimbo kwenye televisheni. Obama akatoa cheti cha Honolulu Aprili mwaka huohuo, wapi. Trump mwenyewe alikuja kukiri Septemba 2016 kwamba Obama kazaliwa Marekani, kwa sentensi moja, bila ya samahani, na hapo hapo akamtupia lawama Hillary. Yule bosi wa Atlanta mpaka leo yuko kwenye Mombasa yake.

Mama Pacha
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nalea mzee Columbus, Ohio. Fundi wa kuchomelea mstaafu, mjane, mpole sana. Nisimtaje kwa lolote zaidi.

Chini ya televisheni ana boksi la viatu. Nilidhani ni picha za marehemu mkewe. Siku moja kalifungua mwenyewe, ndani zimejaa noti za plastiki za rangi ya dhahabu zenye sura ya Trump, na kadi zinazofanana na za benki. Kazinunua kwa simu. Kaambiwa kwamba Trump akirudi benki zote zitazibadilisha, noti moja kwa maelfu ya dola. Akanionyesha na video, sauti ya Elon Musk inasema hivyohivyo. Midomo inaenda huku, maneno yanaenda kule. Mzee hakuona, macho yenyewe yana mtoto wa jicho.

Nikamwambia, babu, hii ni mashine imetengeneza. Akacheka, akasema nyie vijana mnaogopa kila kitu.

Basi asubuhi moja nafika, namkuta kavaa suti ya harusi ya bintiye, tai imekaa upande. "Nipeleke benki." Kazi yangu ni kumpeleka anakotaka, sikuwa na la kusema. Dirishani kuna binti mdogo, mzee kamwagia noti zake juu ya kaunta, kazipanga kwa makundi, anataka nusu keshi na nusu aingiziwe. Binti kazitazama, kanitazama mimi, kaenda kumwita meneja. Meneja hakuuliza hata swali. Kavuta droo, katoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, inaeleza kwamba noti hizi ni kumbukumbu tu, hazina thamani na hazihusiani na Trump mwenyewe. Ilikuwepo kwenye droo tayari! Maana yake wazee wangapi wameshapita pale na suti zao?

Mzee akamwambia meneja, "Na wewe uko nao." Akakusanya noti moja moja, anazifuta kwa leso. Watu kwenye foleni kimya.

Ndani ya gari nilitegemea awatukane waliomuuzia. Thubutu! Alichosema ni kwamba wamekataa kwa sababu wanaogopa, na kama wanaogopa basi ni za kweli. Jioni akaagiza nyingine.

Binti yake akaja juu, akanigombeza mimi, kwa nini nilimpeleka. Mama, baba yako ana akili timamu kisheria, ningemfunga kamba?

Bi Mkora
Dada, huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia, akafungua gunia akakuta hamna mbuzi, akanunua gunia la pili.

Dereva Kigwendu
Mama Pacha, hizo noti zinauzwaje? Nauliza kwa ajili ya rafiki 😂

Mama Pacha
Kigwendu ukome. Na bado sijamaliza. Septemba 2024, baada ya ule mdahalo wa Trump na Harris, mzee kaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi ni kweli kule Springfield wanakula paka? Wewe ni Mwafrika, utakuwa unajua." Springfield si mbali na hapa, na waliokuwa wanasingiziwa ni Wahaiti. Nikamwambia gavana wenu DeWine ni wa chama chenu na kazaliwa hukohuko Springfield, amesema hakuna kitu kama hicho. Akasema DeWine kanunuliwa.

Kisha kanishika mkono: "Wewe usiogope, sisemi nyie. Nasema wale wengine."

Mtoto wa Uvira
Bandugu, hayo ya "wale wengine" yamenigusa. Miye niko mtu wa Uvira, naishi Kentucky. Mama yangu iko kambini Nyarugusu, Kigoma. Alifanya mahojiano yote, alipimwa afya, alikuwa anangoja ndege. Tarehe 20 Januari 2025 programu ya wakimbizi ikasimamishwa. Mei tukaona kwenye televisheni Wazungu wa Afrika Kusini wanashuka na ndege, wanapokelewa na bendera.

Sasa sikieni. Katika kanisa letu la Wakongomani wenye uraia walimpigia kura wengi tu. Mzee mmoja wa kanisa alisema anafukuza wahalifu, sisi tuliingia kwa mlango. Dada yake na yeye iko Nyarugusu, faili moja na ya mama yangu. Nilimwuliza Jumapili, akaniambia tuongeze maombi.

Mama Pacha
Pole sana mwanangu. Mungu amfungulie mama.

Kamau wa Dallas
Pole ndugu wa Uvira. Hilo silitetei.

Jirani Mwema
Wamarekani wote ni mazuzu tu, nchi kubwa akili ndogo.

Ngosha Mtoro
Jirani acha. 2024 alipata kura kama milioni 77, Harris milioni 75, na mamilioni wakalala majumbani. Hata nusu kamili ya waliopiga hakufikisha.

Bi Mkora
Tena Jirani usiwacheke. Wale watafiti wa maoni, Pew, waliwahi kuuliza nchi mbalimbali mwaka 2019, Wakenya 65 katika kila 100 walisema wana imani na Trump. Huko kwao penyewe hafikishi hapo. Na huyu hakuwagawia hata khanga.

Mkumbuke Novemba 2020, kura zinahesabiwa, mchungaji wake Paula White akaomba mbele ya kamera akasema malaika wanatumwa kutoka Afrika. Kutoka Afrika! Jamani, visa walipewa na ubalozi upi?

Kamau wa Dallas
Usichezee maombi wewe mama.

Bi Mkora
Nachezea ya Paula, ya kwako sijayagusa. Ile Biblia ya Trump ya dola 59.99 ulinunua?

Kamau wa Dallas
Nilinunua. Neno ni lilelile.

Bi Mkora
Shirika la habari la AP walifuatilia, shehena zilitoka China kwa chini ya dola 3 kila moja. Ushuru alilipa nani? 😂

Mswahili wa Tudor
Hapo kwenye kununua ndipo napenda niseme. Huku kwetu mgombea ndiye anayetoa. Kofia, fulana, khanga, sukari, na mpiga kura anachukua za vyama vyote, kisha anapiga anakotaka. Huko mpiga kura ananunua kofia ya mgombea kwa hela yake, raba za dhahabu dola 399, na sarafu ya mtandaoni juu. Wallahi sijui kati yetu nani mjanja.

Teksi Bubu
Ushauri wangu kwa wanaoendesha abiria: kofia nyekundu ya Trump iwe kwenye buti. Ukivuka mji unaingia mashambani, weka kwenye dashibodi. Tips zinaongezeka. Ukirudi mjini irudishe kwenye buti.

Dereva Kigwendu
Siku utasahau kuirudisha, tutakuchangia matanga.

Mama Pacha
Mimi nawashauri msibishane nao. Mzee wangu nikibishana naye anazidi. Siku hizi namwuliza tu, babu, aliyekuuzia anaitwa nani? Anakaa wapi? Ana simu? Akikosa jibu ananyamaza, na hiyo wiki haagizi.

Ngosha Mtoro
Mimi napinga, ukinyamaza anajua ameshinda. Ankara mezani.

Teksi Bubu
Ankara imekusaidia nini sasa?

Jirani Mwema
Samahani natoka nje ya mada. Ile kodi ya asilimia 1 ya kutuma hela nyumbani iliyoanza Januari 2026, mnakwepaje? Mama anangoja ada ya mdogo wangu.

Kamau wa Dallas
Inakata ukienda dirishani na keshi au hundi ya benki. Tumia kadi ya benki ya huku au akaunti yako, hukatwi. Na mwanzoni walitaka asilimia 5, mshukuru.

Bi Mkora
Kumshukuru nani tena, Kamau?