Naombeni ushauri: nitumieje maktaba ya chuo kwa ajili ya tasnifu?

Mwaka_wa_Tatu
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu na maktaba ya chuo nimekuwa nikiitumia kama sehemu tulivu ya kusomea notisi zangu tu. Sasa naandika tasnifu kuhusu upotevu wa nafaka baada ya mavuno. Msimamizi anataka vyanzo visivyopungua 30, vingi viwe makala za majarida. Jana nimeshinda kwenye rafu za kilimo nikatoka na vitabu 2, kimoja cha zamani mno. Mtandaoni kila makala ninayoitamani inataka nilipie. Nina wiki 5. Nianzie wapi?

Kalamu_Nyekundu
Mkuu, usilipie makala hata moja kabla hujajaribu kupitia tovuti ya maktaba. Chuo hulipia majarida kwa niaba yenu, na mchapishaji hukutambua kwa anwani ya mtandao wa chuo. Ndiyo maana makala inayokataa ukiwa nyumbani inaweza kufunguka ukiwa ndani ya chuo. Kaunta waulize kama kuna akaunti ya kuingilia kutoka nje. Ukiipata, fungua mipangilio ya Google Scholar (sehemu ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma), tafuta sehemu ya viungo vya maktaba, chagua chuo chako. Kama chuo kimeunganishwa, utaona kiungo pembeni ya matokeo.

Rafu_ya_Chini
Kuhusu vitabu, tatizo ni kwamba ulizunguka rafu moja. Kama maktaba yenu inatumia mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, kilimo kiko 630, lakini mada yako imesambaa. Wadudu na magonjwa ya mazao wako 632. Uchumi wa kilimo uko 338.1, mbali kabisa na hapo, pengine hata ghorofa nyingine. Teknolojia ya vyakula iko 664. Anza na katalogi kwenye kompyuta. Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa, bonyeza lile neno la mada lililoandikwa chini ya rekodi yake, upate vitabu vyote vilivyopewa neno hilo, popote vilipo. Ukifika kwenye rafu, tazama na majirani wa kitabu chako, kushoto na kulia. Mimi vitabu vyangu bora nimevipata kwa majirani.

Mwaka_wa_Tatu
Asanteni sana. Hilo la 338.1 sikulijua kabisa. Swali jingine: watu wananiambia nimwone mkutubi. Nimwambie nini? Naona haya kwenda kuonekana sijui kutafuta.

Kaunta_ya_Rejea
Mwanangu, nimekaa kwenye kaunta hiyo miaka mingi, nisikilize. Anayetuchosha siyo asiyejua kutafuta. Kazi inakuwa ngumu kwa anayekuja na kusema "nataka vitabu vya kilimo" kisha ananyamaza. Hapo lazima nimchimbe kwa maswali 10 nijue anachotaka.

Njoo na sentensi moja: "Nachunguza kwa nini wakulima wadogo wanapoteza mahindi ghalani, na ni njia zipi za kuhifadhi zimepunguza hasara." Niambie umeshatafuta wapi, kwa maneno gani, na unahitaji lini. Hapo nimeshajua nikupeleke wapi. Uliza pia kama kuna mkutubi anayeshughulikia kitivo chenu. Huyo umwombe miadi ya nusu saa, ukae naye kwenye kompyuta mtafute pamoja.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaulizi, linaniuma. Muulize kama chuo kimesajiliwa Research4Life. Ni mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida bure au kwa ada ndogo. Ndani yake kuna AGORA, iliyoanza 2003, inayohusu kilimo na chakula, yaani mada yako hasa. Usajili ni wa taasisi, siyo wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo njia ya kuingia utaipata maktaba. Nimeona wanafunzi wakihangaika muhula mzima huku mlango huo uko wazi.

Ukiingia JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, usishangae kukosa toleo la mwaka huu. Majarida mengi mle huchelewa miaka kadhaa, mara nyingi 3 hadi 5. Itumie kwa maandiko ya msingi, na mapya yatafute kwingine, kwa mfano DOAJ, orodha ya majarida ya mtandaoni yaliyo wazi kwa wote.

Unapotafuta, usiandike sentensi nzima kama unayemwuliza mtu. Weka alama za kunukuu kwenye maneno yanayokwenda pamoja. Andika OR kati ya maneno yenye maana moja: hasara, upotevu, uharibifu, ila yaandike kwa lugha ya makala unazozitafuta. Kisha AND kuunganisha na mahindi au nafaka.

Tasnifu_Mbili
Naongezea: soma tasnifu za waliokutangulia kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Siyo za kunakili. Nenda moja kwa moja kwenye marejeo yao, utapata njia. Na kila chanzo kiingize siku hiyohiyo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure. Mimi nilipoteza siku 4 nikitafuta upya kurasa nilizonukuu.

Kalamu_Nyekundu
Kitabu kikiwa hakipo, uliza huduma ya kuazimiana kati ya maktaba. Omba mapema, huchukua muda. Na vile vya mkopo mfupi rudisha kwa wakati, kuna mwenzako anavisubiri.

Mwaka_wa_Tatu
Wakuu, narudi na mrejesho. Leo asubuhi nimekwenda na sentensi yangu moja kama mzee wetu alivyosema. Mkutubi hakunicheka. Alinikalisha karibu dakika 40, chuo kimesajiliwa AGORA, na nimetoka na makala 17, zikiwemo 2 zilizokuwa zinanidai pesa nyumbani. Alinibadilishia hata swali: kasema "baada ya mavuno" ni pana, nibaki na ghala. Nimemwandikia msimamizi kuhusu mabadiliko hayo. Ijumaa nina miadi nyingine, nataka anifundishe kutafuta takwimu.